Kadi ya babu ya mwaka 1974: alicheza vibaya, au upepo ulimchezea?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Babu yangu alikuwa karani bandarini Kilindini. Alifariki mwaka jana, na mfuko wake wa gofu nimeachiwa mimi kwa sababu katika wajukuu wote ni mimi tu ninayecheza. Ndani mna fimbo tisa, mpira mmoja uliofungwa ndani ya soksi ulioandikwa Dunlop 65, na kadi moja ya kuandikia mikwaju, ya uwanja wa Mombasa, ya tarehe 17 Agosti 1974, saa ya kuanza 1.30. Mashimo tisa ya kwanza alipata 39, tisa ya pili 45, jumla mikwaju 84 (na katika gofu mwenye michache ndiye bora). Pembeni mwa shimo la 14 ameandika kwa penseli “OB OB”. Handikapu yangu, yaani mikwaju ninayopunguziwa kulingana na uwezo wangu, ni 14, na mwezi uliopita nilipata 83 kule Nyali. Kaka zangu wananitania kwamba nimeshamshinda babu. Ni kweli? Ule mpira mbona unaonekana mdogo kuliko yangu, na ni wa mwaka 1965? Naweza kuupiga siku ya kumbukumbu yake? Na gofu ya Mombasa ya siku zile ilikuwaje? Nakutumia picha ya kadi.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mungu amrehemu babu yako. Picha ya kadi nimeitazama kutwa nzima, mpaka mama watoto akaniuliza kama ni barua ya mahakama. Mwaka 1974 nilikuwa na miaka kumi na minne, nabeba mifuko ya watu uwanja huohuo. Hivyo nitakujibu kama mwalimu wa gofu, na pia kama mtoto aliyekuwa pale akikimbiza mipira pekupeku.

Nianze na mpira, maana ndio mwepesi. Ile 65 si mwaka. Mwaka 1934, katika mashindano ya The Open pale Sandwich, Uingereza, mchezaji Mwingereza Henry Cotton alimaliza raundi moja kwa mikwaju 65, jambo ambalo siku zile lilikuwa ajabu. Dunlop wakachukua hesabu ile wakaipa mpira wao jina. Jina likadumu miongo, na huku kwetu ndio mpira uliokuwa ukiombwa kwa jina. Mtu akisema “nipe sikistifaivu” muuzaji haulizi zaidi.

Na macho yako hayajakudanganya, mpira ule ni mdogo kweli. Hadi mwisho wa miaka ya themanini ulimwengu wa gofu ulikuwa na mipira miwili halali. Marekani walicheza mpira wenye kipenyo cha inchi 1.68, yaani milimita 42.67. Waliofuata sheria za St Andrews, wasimamizi wa gofu wa kule Uskoti, nasi tukiwamo, waliruhusiwa mpira wa inchi 1.62, milimita 41.15. Uzito wa juu ulikuwa mmoja kwa yote miwili, gramu 45.93. Kwenye The Open wenyewe mpira mkubwa ulilazimishwa mwaka uleule wa kadi ya babu, 1974, lakini wachezaji wa kawaida waliendelea na mdogo hadi 1990, sheria ilipoufuta. Ukitaka uhakika, mpelekee fundi yeyote mwenye kipimo cha milimita. Akikusomea 41 na kidogo, basi huo ndio wenyewe.

Milimita moja na nusu ni kitu gani? Ukiwa sehemu isiyo na upepo, si kitu. Kando ya bahari ni kila kitu. Mpira mdogo wenye uzito uleule hupasua upepo kama jiwe. Ule mkubwa hubebwa. Dhidi ya upepo wa mbele tofauti ilikuwa yadi kadhaa unazoziona kwa macho. Ubaya wake ni kwamba ulizama zaidi kwenye majani, na kuuinua kutoka sehemu ngumu kulihitaji mkono wa fundi. Nasema hivi mapema kwa sababu hili ni la babu, si lako: kwenye upepo, mpira wake ulimsaidia. Katika hesabu yetu ya nani kamshinda nani tutalikumbuka.

Kuhusu kuupiga siku ya kumbukumbu, usiupige. Mipira ile ndani ilisukwa kwa uzi mrefu wa mpira uliovutwa na kuzungushwa kwenye kiini, kisha ukafunikwa gamba. Miaka hamsini ndani ya soksi, kwa joto la Mombasa, uzi ule umekauka na mwingine umekatika. Ukiupiga vizuri utasikia sauti kama ya dafu bovu, nao utakwenda nusu ya safari. Ukiupiga vibaya utachanika. Siku zile mpira uliopigwa kwa ukingo wa chuma ulipata ufa tuliouita mdomo, kwa kuwa ulionekana unacheka. Ulio na mdomo ulishushwa cheo, ukawa wa mazoezi au wa kupigia mahali pa hatari. Neno “hatari” nalo liweke akiba.

Fimbo hazitanichukua muda. Umesema ni tisa na sheria inaruhusu 14, lakini karani wa bandari kuwa na tisa ni jambo la kawaida kabisa. Seti nzima waliimudu wachache, wengi tulicheza na nusu seti. Draiva yake, ile fimbo ya kupigia mbali, kichwa ni mti, pengine persimoni wa Marekani, na kama ni kama zote nilizozibeba, rangi imepasuka kwa unyevu na chumvi. Usiipake rangi upya. Ipanguse kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, uiache. Sehemu tamu ya uso wake, ile inayoupiga mpira sawasawa, ni ndogo kama sarafu. Draiva yako husamehe, ile haikusamehe hata siku ya Idi. Vyuma navyo, yaani fimbo zenye vichwa vya chuma, vinahitaji utazame kitu kimoja: weka namba 7 yako sambamba na namba 5 ya babu, uangalie mlalo wa uso. Utaona karibu vimelingana. Watengenezaji wamekuwa wakisimamisha nyuso za vyuma miaka nenda miaka rudi ili mnunuzi aone anapiga mbali, wakaacha namba ileile chini. Kwa hiyo ukisikia mzee anasema yadi 150 alipiga namba 5, usimcheke. Alikuwa na fimbo yako ya 7, ila wakati huo iliitwa jina jingine.

Sasa uwanja. Klabu ya Mombasa ni ya mwaka 1911, mashimo tisa, juu ya jabali la matumbawe mahali meli zinapoingilia Kilindini. Upande mmoja barabara ya Mama Ngina, ambayo wazee waliendelea kuiita Azania muda mrefu baada ya kubadilishwa, pamoja na mibuyu yake. Upande mwingine bahari. Kivuko cha Likoni hakiko mbali. Kucheza mashimo 18 maana yake ni kuuzunguka uwanja mara mbili, ndiyo maana kadi ya babu ina shimo la 10 ambalo kwa kweli ni lile la kwanza, na la 14 ambalo ni la tano. Hilo ni neema kubwa kwetu tunaoisoma leo. Uwanja wa mashimo 18 ukikuonyesha 39 kisha 45 unaweza kusema nusu ya pili ni ngumu zaidi. Hapa nusu ya pili ni ardhi ileile, mtu yuleyule, saa mbili baadaye.

Ardhi yenyewe udongo wake ni mwembamba juu ya mwamba. Kiangazi cha kaskazi, Januari hadi Machi, inakuwa ngumu na mpira unadunda na kubingirika hadi unamkimbia mwenyewe. Masika yakipita inalainika. Agosti iko katikati, si mbaya. Majani ni ukoka, sawa na ule uliopo mbele ya nyumba yenu. Huu ukoka wetu dunia nzima inauita nyasi ya Bermuda, na kule Tifton, Georgia, mtaalamu Glenn Burton aliupandanisha na ndugu yake wa Afrika Kusini wakapata majani ya griini (uwanda wa majani mafupi kuzunguka shimo) za nchi za joto, kama ile Tifgreen ya mwaka 1956. Bara wana nyasi yao, kikuyu, ambayo nayo ilisafiri kutoka nyanda za juu za Kenya hadi viwanja vya California. (Nyasi zetu zimetembea kuliko sisi.) Ukoka una uelekeo. Ukipiga mpira wa shimo dhidi ya ulalo wake unakufa njiani, ukipiga kwa kufuata unateleza. Griini za siku zile zilikatwa kwa mashine za kusukuma, majani yakiwa marefu kuliko leo, hivyo uelekeo ule ulikuwa na nguvu zaidi. Kedi, yaani mbeba mfuko wa mchezaji, aliyejua kusoma ukoka alilipwa zaidi ya aliyejua kubeba tu, na bakshishi ya kwanza kubwa niliyowahi kuipata ilikuwa kwa kusema “nje ya kulia, vidole viwili” nikapatia.

Kuhusu watu. Kabla ya uhuru, Mwafrika aliingia uwanjani kubeba, kukata majani au kupika, na hilo kila mtu wa umri wangu analijua. Baada ya 1963 milango ilifunguka, kwanza kwa wakubwa wa serikali, benki na mashirika, kisha polepole kwa watu kama babu yako. Bandari siku hizo zilikuwa chini ya shirika moja la Afrika Mashariki, kabla jumuiya haijavunjika mwaka 1977, na bandarini mchezo ulikuwa na heshima yake. Tarehe ile ya kadi ilikuwa Jumamosi, na ofisi nyingi Jumamosi zilifanya kazi hadi mchana. Ndiyo maana kadi inasema 1.30, yaani saa saba na nusu kwa saa zetu: ametoka kazini, amebadilisha viatu, amekwenda tii ya kwanza (mahali pa kuanzia shimo), pengine na ankara za mizigo bado mfukoni.

Sisi makedi tulikuwa watoto wa Likoni, Majengo, Mji wa Kale. Wengi wana wa wavuvi na mabaharia. Jumatatu tuliachiwa uwanja. Tulicheza kwa fimbo zilizovunjika na kufungwa waya, wawili watatu tukigawana moja. Maji yakitoka tulishuka jabalini kuokota mipira kwenye miamba na kuiuza kwa wenyewe walioipoteza, wengine wakinunua mpira wao bila kuutambua, au wakiutambua na kunyamaza kwa aibu. Kunguru nao walituibia. Kunguru wa Mombasa akiona kitu cheupe cha mviringo hukidhania yai, na kuna waungwana walioapa mbele ya makedi wote kwamba mpira wao umebebwa na ndege, hata pale tulipouona sote ukizama.

Nyali ilikuwa safari. Klabu ile ni ya mwaka 1956, kwenye ardhi ya upande ambao zamani ulikuwa shamba la katani, na mibuyu yake imesimama mpaka leo katikati ya njia za mpira kana kwamba imelipia uanachama. Kufika huko kutoka kisiwani ulipita daraja la kuelea, lile la mwaka 1931, ukalipa ushuru. Maji yakijaa au kutoka, mteremko wa kuingilia darajani nao ulibadilika, na mfuko wenye fimbo kwenye baiskeli ukakufunza adabu. Daraja la sasa lilifunguliwa 1980. Mtu wa kisiwani alikwenda Nyali kwa mashindano au kwa kualikwa. Mchezo wa kila Jumamosi alicheza pale jabalini. Magazeti yenyewe yaliandika habari za Muthaiga na Kenya Open iliyoanza 1967, na Seve Ballesteros alipoitwaa mwaka 1978 hata sisi wa pwani tulijidai tumemwona. Jumamosi za Mombasa hazikuandikwa popote isipokuwa kwenye kadi kama hiyo uliyonayo.

Tufike kwenye upepo, maana bila upepo kadi hii haisomeki.

Tarehe 17 Agosti ni kusi. Kusi huingia kwa mvua za masika, hupata nguvu Juni na Julai, na Agosti bado yupo kazini. Hulegea kuelekea demani, Septemba na kuendelea. Kisha huja kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, aliyezoea kuleta majahazi kutoka Uarabuni. Wachezaji wa bara husema Mombasa “kuna upepo”, kana kwamba ni mmoja. Kwetu ni viwanja viwili tofauti juu ya ardhi moja. Shimo ambalo Januari unapewa mgongo, Agosti unapigwa kifuani. Niliwahi kumwona bwana mmoja mgeni akiweka alama kwenye kijitabu chake kila shimo na fimbo yake, kazi ya wiki nzima mwezi wa Machi. Aliporudi Julai akakitupa kijitabu.

Upepo wa kusi una saa zake pia. Asubuhi umetulia. Jua likipanda na bara likipata joto, upepo wa baharini huungana nao, na kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja ndipo unapovuma hasa. Sasa tembea na babu. Ameanza saa saba na nusu. Watu wanne, mashimo tisa, saa moja na robo tatu hivi. Anarudi tii ya kwanza kwa mara ya pili saa tisa na robo, upepo ukiwa kileleni. Hakuna mashine ya kumpimia yadi, hakuna wa kumwambia kasi ya upepo. Kuna kedi, ambaye kama alikuwa mmoja wetu alitazama bendera ya meli inayoingia mlangoni, kisha vilele vya miti, na bendera ya shimo mwisho kabisa, kwa kuwa ile ya shimo iko chini na hudanganya. Baba zetu walitufundisha hivyo kwa ajili ya tanga. Wateja wetu walidhani ni uchawi.

Leo mfumo wa handikapu wa dunia, ule ulioanza 2020, unalijua jambo hili. Siku ambayo wachezaji wote wanapata alama mbaya kuliko inavyotarajiwa, hesabu yenyewe hurekebisha kwa ajili ya hali ya siku hiyo, hadi mikwaju mitatu. Mwaka 1974 hesabu ile haikuwapo. Ulipata 84, ukaandikwa 84, ukaenda kunywa soda.

Sheria nazo zilikuwa kali zaidi. Wewe ukitafuta mpira una dakika tatu, yeye alikuwa na tano, hapo alikuzidi. Lakini wewe ukiwa griini unaacha kijiti cha bendera shimoni ukipenda, tangu 2019. Yeye mpira wake uliopigwa kutoka griini ukigusa kijiti kisichoshikwa na mtu, adhabu mikwaju miwili. Alama za misumari ya viatu kwenye njia ya mpira wako unazirekebisha, yeye aliziruka kwa dua. Na kudondosha mpira! Wewe unauachia kutoka usawa wa goti. Yeye, hadi sheria ilipobadilishwa 1984, alitakiwa asimame wima, aelekee shimo, audondoshe kwa nyuma juu ya bega lake. Mpira uligonga kisigino, uliingia kwenye mfuko uliowekwa vibaya, na mara moja mbele yangu uliingia ndani ya kola ya shati la mchezaji mnene, tukacheka hadi tukafukuzwa.

Basi, umemshinda? Uwanja wa Mombasa ni mfupi kuliko Nyali, na hilo ni lako: 83 kwenye uwanja mrefu ina uzito. Mpira mdogo ulimsaidia yeye kwenye upepo, hilo nalo lako. Upande wake weka draiva ya mti, nusu seti, griini za ukoka mrefu, kusi ya saa tisa, na sheria zile. Kadi yake haina vipimo vya ugumu wa uwanja vinavyotumika sasa, hivyo huwezi kuweka namba hizi mbili kwenye mzani mmoja ukapata jibu la hesabu. Lakini ukinilazimisha kuweka pesa, siku hiyohiyo, uwanja huohuo, kila mtu na fimbo zake, naweka kwa babu, na si kidogo. Sababu iko kwenye kadi, na kaka zako hawakuisoma. Walisoma jumla.

Chukua picha uliyonitumia. Mashimo tisa ya kwanza: 4, 5, 3, 4, 5, 4, 4, 5, 5. Ya pili: 5, 5, 4, 5, 9, 4, 4, 5, 4. Mtu akiona 39 na 45 husema mzee alichoka, au mkono ulipotea. Linganisha shimo kwa shimo, maana ni mashimo yaleyale. Manne ya mwanzo: mara ya kwanza 16, mara ya pili 19. Mikwaju mitatu imeliwa na upepo, na kwa saa ile ya Agosti hiyo ni bei nafuu.

Kisha ile 9. Shimo hilo mzunguko wa kwanza alipata 5. Mara ya pili ameandika OB mara mbili: mpira umetoka nje ya mipaka, ama baharini ama barabarani, kusi haichagui. Sheria ya nje ya mipaka ni moja jana na leo: unahesabu mkwaju uliopiga, unaongeza mmoja wa adhabu, unarudi palepale ulipopigia. Kwa hiyo mpira wa kwanza ulikuwa mkwaju wa kwanza, wa pili ulikuwa wa tatu, wa tatu ulikuwa wa tano. Amefika shimoni kwa 9. Maana yake baada ya mpira ule wa tatu kusimama salama alihitaji mikwaju minne tu. Mzunguko wa kwanza, baada ya mkwaju wa tii, alihitaji mingapi? Minne. Mpira wa tatu aliucheza sawasawa na alivyolicheza shimo lile mara ya kwanza, kana kwamba ile miwili haikuwahi kupigwa.

Hapa ndipo linapotumika lile neno “hatari” nililokuomba uliweke akiba. Mipira ilikuwa ghali, na mtu aliyepoteza miwili mfululizo kwa kawaida alimgeukia kedi akaomba ule wenye mdomo, wa kupotezea, na fimbo ndogo ya kujificha nayo. Nimebeba mifuko ya watu waliofanya hivyo, nao niliwaona wakimaliza shimo kwa 9 kama babu, lakini miguu yao ilikuwa imeshakwenda nyumbani. Yaliyofuata yalikuwa 6, 7, 6, wakizungumza njia nzima habari za upepo.

Tazama alichofanya babu kwenye mashimo manne ya mwisho, na saa ni kumi na kitu, kusi bado haijapoa. 4, 4, 5, 4. Jumla 17. Manne hayohayo mzunguko wa kwanza, kabla upepo haujapata nguvu, kabla hajapoteza mpira wowote, alikuwa amepata 18.